Urojo Uliolala

Selestini alinywa kijiko cha kwanza, akanywa cha pili, kisha akacheka peke yake kama mtu aliyekutana na jirani yake katika mji wa ugenini.

"Mama Mujibu," aliita kuelekea jikoni, "hii imelala hii!"

Siti alikuwa anaopoa bajia kwenye karai. Alidhani anaambiwa kwamba chakula ni cha jana. "Imelala wapi? Nimeanza kupika kabla ya adhana, na moto mpaka sasa haujazimwa."

"Sisemi urojo wenyewe, nasema ukali wake. Hayo mabibo uliyotia yamelala. Bibi yangu kule Newala alikuwa anayalaza hivi hivi, mpaka ulimi unajipigia makofi." Aliinua bakuli wenzake walione. Walikuwa makuli wa ghala la korosho, vumbi la magunia bado kwenye kope. "Mama umetuweza. Nje urojo wa Pemba, ndani uraka wa Makonde!"

Makuli walicheka. Kwenye meza ya dirishani, Ustadhi Tahiri, aliyefundisha watoto Kurani karibu na soko na kula hapo karibu kila siku, aliweka kijiko chini.  Alikwenda kwenye ndoo ya kunawia, akasukutua, akatema nje kwenye mfereji, akasukutua tena. Sauti ya kusukutua kwake ilifika mpaka jikoni. Kisha alirudi, akaweka pesa kando ya bakuli ambalo halijafika nusu, akatoka bila kuaga.

Siti alimfuata Selestini mezani, mwiko ungali mkononi. "Uraka ndio nini?"

Kuli alimtazama aone kama anatania. Alipoona hatanii, kicheko kilimkauka. "Pombe, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Pombe ya mabibo. Kwani hukujua?"

Hakujua. Kwao Pemba, mabibo yalikuwa matunda ya watoto, waliyoyafyonza wakirudi skuli na kuchafua sare. Hakuna mtu mzima aliyekuwa na shughuli nayo. Huku Masasi alikuta kila mtu anataka korosho tu. Bibo lilinyofolewa korosho likatupwa chini ya mti, na mashamba yote yalinuka utamu unaooza. Mpishi mwenye akili hawezi kuona kitu kinatupwa asijiulize kitafaa nini.

Na yeye alikuwa na shida ya ukali. Urojo bila ukali ni uji wa manjano, na watu wa Masasi tangu mwanzo walikuwa wameuita hivyo. Walipofungua, yeye na mumewe Salmini, waliandika kwenye bango MGAHAWA WA VISIWANI, wakaweka urojo, pweza wa nazi, boko-boko na mkate wa kumimina. Pweza alifika kutoka Mtwara akiwa ameanza kunuka. Boko-boko, ngano iliyopondwa na nyama, watu waliuliza ni ugali uliokosea nini. Mkate wa kumimina walikula kwa sababu ulifanana na kitumbua. Wateja walikaa, wakasoma orodha ukutani, wakauliza, "Ugali hamna?" Mwishowe Siti akapika ugali na kisamvu kama wenzake wote wa stendi, na kile chakula kilichomtoa kwao kikabaki sufuria moja pembeni.

Sufuria hiyo moja ndiyo iliyoanza kupendwa, na ilipendwa kwa sababu ya ukali wa embe mbichi. Kisha maembe yakaanza kuiva. Ndimu, msimu wa korosho ulipoanza na watu wakawa na fedha, zikapanda bei pamoja na kila kitu. Ndipo akajaribu mabibo. Maji yake mabichi yalikuwa na ukakasi wa kushika ulimi. Lakini yaliyobaki kwenye ndoo, alipoyaonja asubuhi yake, ukakasi ulikuwa umelegea na ukali umesimama, safi kuliko wa embe. Alihitimisha kwamba mabibo, kama unga wa mkate, yanataka kupumzishwa. Hakumwambia mteja yeyote, maana siri ya mpishi ni ukali wake. Wateja waliongezeka, naye alijisifu kimoyomoyo.

Salmini alirudi kutoka swala ya adhuhuri na kofia mkononi. Kila siku watu walipotoka msikitini walimwuliza, "Kisiwani leo kuna nini?" na baadhi walifuatana naye. Siku hiyo walimwamkia wote, tena kwa upole kupita kawaida, na hakuna aliyeuliza kuna nini.

Siti alipomweleza, alifunua ndoo jikoni, akainusa, akaifunika.

"Umewalisha watu pombe."

"Nimewalisha ukali."

"Usiniambie mimi hivyo. Povu hili hukuliona?"

"Nililiona. Maji ya ukwaju nayo yakikaa hufanya povu. Ningejuaje?"

"Ungeuliza!"

"Ningemwuliza nani? Wewe ulijua?"

Salmini alikaa kwenye gunia la viazi. Alikuwa mtu wa hesabu fupi: hakupenda kulia juu ya jambo kabla ya kuona kama lina mlango. "Selestini alionja ndoo?"

"Alionja bakuli."

"Basi hakuna aliyeona. Ni neno la kuli tu."

 Siti alibeba ndoo mpaka mfereji wa nyuma, akaimwaga yote. Harufu ilipanda, nzito na tamu, ikavuka ukuta. Fundi cherehani wa jirani alitoa kichwa dirishani. "He, Mama Pemba! Unamwaga sikukuu za watu?" Alicheka mpaka akashika ubavu, na hakuwa na ubaya, alikuwa anacheka tu.

Jambo lenyewe halikuwa urojo peke yake. Fremu ile walimofungua mgahawa ilikuwa ya Mzee Alfani, mnunuzi wa ufuta na korosho, na mkataba ulikuwa unakwisha mwisho wa mwaka. Muuza vipuri vya pikipiki alikwisha kuitaka, kwa kodi ya juu zaidi. Mzee Alfani alikuwa amemwambia asubiri. Alikuwa anamwoza binti yake, Faidha, kwa kijana wa Unguja anayefanya kazi Mtwara, na alitaka wakwe wakute chakula cha kwao. Kazi ilikuwa ya Siti: pilau, na urojo wa mkesha wa wanawake. Ikienda vizuri, alisema mzee, mgahawa utakaa. Hakuficha kwamba ni mtihani.

Yuliana, aliyekuwa akimuuzia Siti mabibo, alifika kesho yake asubuhi na mapema kwa gari la kutoka Newala, na ndoo mbili za mabibo yaliyofunikwa majani ya mgomba. Alikuwa mkulima wa Mkunya, mwanamke mzito, mwenye umri wa mama yake Siti.

"Shikamoo, Mama Chrispin."

"Marahaba, mwanangu. Leo yamekuja mekundu matupu, ona."

"Leo sichukui."

Siti alimweleza. Yuliana alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, na kadiri maelezo yalivyoendelea ndivyo uso wake ulivyozidi kushangaa.

"Kwa hiyo ulikuwa hujui."

"Sikujua. Wewe ulijua kuwa nayalaza?"

"Si uliniambia mwenyewe, ya leo unapikia kesho? Nikasema, huyu wa Pemba kajifunza upesi."

"Mbona hukunionya?"

"Nikuonye nini?" Yuliana alikaa sasa, kwenye ngazi. "Mtu mzima, mpishi, ana mgahawa wake, anaweka mabibo mpaka kesho. Nimwambie mama, yakilala yanakuwa uraka? Ningekuwa nakutukana. Kule kwetu mtoto anajua hilo hajajua kuhesabu. Nilidhani mna dini yenu ya visiwani inayoruhusu."

"Dini ni hii hii."

"Basi pole." Alitazama ndoo zake. Kuzirudisha Mkunya kulikuwa nauli ya bure. Siti alimfungia bajia kwenye gazeti, naye akazipokea bila kusema asante, kama mtu anayepokea kitu katika nyumba ya msiba. Aliporudi sokoni aliyauza mabibo yote kwa mwanamke mmoja wa kilabu cha pombe, tena kwa bei nzuri zaidi.

Siku zilizofuata Waislamu hawakuja. Wengine kati yao walijulikana mjini kwamba wanajua njia ya nyuma ya kilabu, lakini kunywa uraka usiku ukijificha ni kitu kimoja, na kuonekana mchana kwenye mgahawa unaosemwa una uraka ni kingine. Kiti cha Ustadhi Tahiri dirishani kilikaliwa na waendesha boda.

Maana wateja walikuwepo. Walikuja wapya, makundi kwa makundi, waendesha boda pamoja na wakulima waliopokea malipo ya mnada wa korosho.

"Mama, tupe ile ya Selestini."

"Urojo upo."

"Uliolala?"

"Haulali tena hapa."

Walionja ule wa ndimu, wakatazamana. Mmoja alisukuma bakuli katikati ya meza. "Hii mnawapa wagonjwa." Mwingine alimwita Salmini kwa kidole na kumnong'oneza kwamba yeye atalipa mara mbili, aletewe ile ya ndani.

Salmini aliingia jikoni. "Wanalipa mara mbili," alisema. "Na hawa si Waislamu. Hakuna tunayemdanganya. Wanajua wanachokitaka."

"Mimi sikuja Bara kuuza uraka."

"Wala hukuja Bara kufunga mgahawa."

Siti alikuwa anakata ndimu. Aliendelea kukata. Alijua kwamba mumewe hasemi hivyo kwa tamaa. Mwana wao Mujibu alikuwa Wete kwa bibi yake, na kila mwezi Salmini ndiye aliyepiga simu ya kueleza kwa nini kilichotumwa kimepungua. Bibi hakulaumu kamwe. Alisema tu, "Haya, mwanangu, Bara ni Bara," na Salmini alikata simu huku uso umemwiva.

"Ukiitia ndani ya sufuria yangu," Siti alisema mwishowe, "utapika wewe. Mimi nitakaa pale nje kama mteja."

Salmini hakujua kupika hata chai. Alirudi mezani akawaambia waendesha boda kwamba haipo.

Jioni hiyo Selestini alikuja, si kwa mlango wa mbele. Alisimama uani, kofia ya kazi mkononi, akinuka maganda ya korosho.

"Mama Mujibu, nimeharibu."

"Umesema ulichoonja."

"Mdomo wangu huu. Nilifurahi tu. Nilimkumbuka bibi." Alikuna shingo. "Sikia. Wakikuuliza, sema nilikuwa nimelewa. Mji mzima unajua nakunywa. Mimi hata nikisemwa, sipungukiwi kitu. Kuli ni kuli."

"Ulikuwa umelewa?"

"Asubuhi ile? Hata chai nilikuwa sijanywa. Tulikuwa tunapakia tangu alfajiri." Alicheka kidogo. "Siku ambayo sijanywa ndiyo nimeleta balaa."

Mzee Alfani alikuja siku iliyofuata, saa ambayo mgahawa hauna watu. Alikaa katikati kabisa, fimbo kati ya magoti, akakataa chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Mujibu. Kisiwani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillah."

Salmini alisimama nyuma ya kiti cha mzee, kama mtumishi. Siti aliliona hilo na halikumpendeza.

"Nimesikia," alisema Mzee Alfani. "Nimemsikia Tahiri, naye kasema machache. Nimewasikia na ambao hawakuwepo, hao wamesema mengi. Jana mke wangu kaulizwa msibani kama harusi ya Faidha ina mabakuli ya kulewesha. Watu wakacheka. Msibani." Aligonga fimbo sakafuni. "Sasa mimi sikuja kukuuliza kitu. Nimekuja kukuambia la kusema. Yule Selestini ni mlevi. Alitoka kilabuni, akasema yaliyomjia kinywani. Sema hivyo tu, mbele yangu, na mimi Ijumaa nitasimama na Tahiri baada ya swala, tumalize. Harusi itapikwa hapa. Na yule wa vipuri nitamwambia atafute fremu nyingine."

"Ndivyo ilivyokuwa, mzee," alisema Salmini upesi. "Alitoka kilabuni."

Mzee Alfani hakugeuka. Alikuwa anamtazama Siti.

Siti aliifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Fremu aliiona yote kutoka pale aliposimama: meza walizochonga wenyewe, orodha ukutani ambayo pweza na boko-boko vilikwisha kufutwa kwa chokaa. Sentensi aliyotakiwa kuisema ilikuwa fupi. Hata mwenye kusingiziwa alikuwa amekubali.

"Selestini alikuwa hajanywa," alisema. "Mabibo yalilala usiku mzima ndani ya ndoo yangu. Nikayapika, watu wakala, na Ustadhi akala. Nilikuwa sijui. Sasa najua, na ndoo nimeimwaga."

Salmini alitoka nje.

Mzee Alfani alitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. "Kutojua ni jambo jingine, nalielewa. Lakini siwezi kusimama mlangoni pa harusi nikimweleza kila mgeni kwamba mpishi wangu alikuwa hajui."

"Huwezi, mzee."

"Ningependa ungeniongopea."

"Najua."

Alisimama, akaegemea fimbo. Mlangoni aligeuka. "Fremu ni yenu mpaka mwisho wa mwaka. Hilo silivunji." Kisha, kama mtu anayekumbuka adabu: "Bajia zako ni nzuri."

Salmini alirudi magharibi. Alikula, akasukuma sahani. "Umemtetea kuli, umetuangusha sisi."

"Kesho atakuja kula. Angeagiza, ningemtazamaje?"

"Hiyo ndiyo hesabu yako?"

"Ndiyo hiyo."

 Hatimaye Salmini aliuliza kama kuna chai, na Siti akajua kwamba ugomvi umebaki lakini umekaa chini.

Asubuhi yake Siti alifunga ushungi akaenda kwa Ustadhi Tahiri. Alimkuta barazani akichonga kalamu za mwanzi za watoto. Alimwambia yaleyale aliyomwambia Mzee Alfani, kwa maneno yaleyale. Tahiri alisikiliza macho yakiwa kwenye kisu.

"Aliyekula bila kujua hana kosa," alisema. "Na aliyepika bila kujua, vilevile. Ukiniuliza la dini, limekwisha."

"Na lisilo la dini?"

Alipuliza unga wa mwanzi. "Lisilo la dini ni kwamba ulimi wangu unakumbuka. Nikikaa kwako nitakuwa nakula huku najiuliza. Sitarudi kwenye bakuli lako mpaka nione kwa macho yangu ukali unatoka wapi."

Alisema hivyo kwa kukataa, na Siti alisikia kwamba ni kukataa. Lakini njiani kurudi, akipita chini ya majabali ya Masasi yaliyoanza kupata joto, maneno yale yalimrudia moja moja kama maelekezo ya mapishi.

Faidha aliolewa kwa pilau ya mpishi aliyeletwa kutoka Lindi. Mwaka ulipokwisha, Siti na Salmini walitoa meza nje, na mwenye vipuri akaingiza tairi siku hiyohiyo. Watu walikuwa wameizoea fremu kwa jina, kwa hiyo mpaka leo waendesha boda huulizana kama wamepita "spea za Pemba". Mwenye duka mwenyewe ni mtu wa Tunduru.

Fundi cherehani aliwakodisha upande mmoja wa baraza yake, pa kukaa jiko, benchi na meza moja. Meza zilizotoka kwenye fremu zilikuwa kubwa mno, hivyo Salmini alilichukua bango la mbao la mgahawa akalipigilia miguu. Aliligeuza maandishi yaangalie chini. Siti alipofika aliangalia, akaona upande wa juu ni mbao chafu isiyosafishika, na upande wenye rangi unafutika vizuri. Akamwambia aligeuze. Tangu siku hiyo neno VISIWANI lilikuwa juu, na ndimu zikakatwa hapo hapo, kisu kikipita kwenye herufi.

Selestini alikuwa mteja wa kwanza, na kila asubuhi aliuliza kwa sauti ili baraza yote isikie, "Mama, leo imelala?"

"Wewe ndiye uliyelala. Gari la ghala limepita."

Siku moja ya mvua, watu wamejikinga chini ya paa la baraza, Ustadhi Tahiri naye alikuwa amesimama pale, vitabu vya wanafunzi chini ya kanzu visilowe. Alitazama sufuria. Urojo ulikuwa wa manjano, unatokota polepole. Siti hakumkaribisha. Alimwamkia tu, akaendelea na kazi.

"Humo mna nini?" Tahiri aliuliza.

"Unga, manjano, viazi, chumvi."

"Na ukali?"

"Sitii ukali."

"Urojo bila ukali?" Kwa mara ya kwanza alionekana kukerwa kama mla chakula, si kama mwalimu.

Siti alichota bakuli, akaliweka mezani. Kando yake, kwenye kisosi, akaweka ndimu nzima na kisu. Bakuli lilikuwa dogo kuliko la zamani. Ndimu zilikuwa ghali na kila mtu alipewa ya kwake.

"Ukali ni huo," alisema. "Kata mwenyewe, kamua mwenyewe."

Selestini alisogea kwenye benchi kumpisha. Tahiri alitazama ndimu, akatazama mvua, ambayo haikuwa na haraka. Alikaa. Alikata, akakamua nusu moja, kisha ya pili, akakoroga, akaonja. Watu wa barazani walijifanya wanatazama barabara.

"Chumvi imepungua," alisema.

Siti akamsogezea kopo la chumvi.